Maswali na Majibu: Miti ya Kwetu Uani

Nimesafisha kiwanja changu kwa katapila, kimebaki mchanga mtupu. Nipande miti gani ya asili? (Kigamboni)

Swali hili huja kila masika, na kila mara limechelewa. Miti ya asili ndiyo iliyosombwa na katapila! Anayejiandaa kuita katapila, atembee kiwanjani kwanza. Funga kitambaa kwenye kila mkwaju, mkongo na mtopetope mwitu, kisha safisha pale tu msingi utakapopita. Mkongo uliokwisha shusha mizizi hauna mfano wake kwenye vitalu.

Kwa kuwa umebaki na mchanga, anza na mkwaju na mkongo. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, tenga udongo wa juu, uchanganye na debe la samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa. Panda ardhi ikishalowa vizuri. Chana kiriba (mfuko wa mche) chote ukiondoe; mzizi uliojiviringa chini ukate, la sivyo utaendelea kujizungusha na mti utadumaa. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 8, yasiguse shina.

Kiangazi cha kwanza mpe kila mti lita 20 kwa mkupuo, mara mbili kwa wiki. Wengi humwaga kopo moja kila jioni. Maji hayo hulowesha juu tu, mizizi haishuki, na jua la Januari linaimaliza.

Mwarobaini si mti wetu wa asili? (Dodoma)

Hapana. Umetoka bara Hindi. Mjohoro nao ni wa Asia, mkrismasi wa Madagaska. Tafadhali msiniulize tena.

Nataka mpingo unipe kivuli haraka. (Morogoro)

Mpingo hukua polepole mno. Panda kwa ajili ya wajukuu. Kivuli cha haraka kinatoka kwa mtimaji, ambao wengine huuita mnwamaji: majani mazito, kijani mwaka mzima. Mbegu zake hupoteza uhai upesi, kwa hiyo zisie zikiwa mbichi. Zina sumu, watoto wasizitafune. Ukipewa mche wa mkuyu, usiupande karibu na karo wala bomba la maji. Mizizi yake hufuata unyevu popote ulipo.

Ua wa michongoma umekuwa mrefu juu, chini una matundu ya kupitisha mbuzi. (Bagamoyo)

Hukukata mapema. Michongoma hupandwa mistari miwili ya kupishana, sentimita 40 kati ya mche na mche. Ikifika goti, ikate nusu ili itoe matawi ya chini, na urudie kila inapoongeza urefu huo. Wako sasa ushushe hadi sentimita 50 mvua zinapoanza. Hakikisha pia ni mchongoma kweli, wenye matunda mekundu ya kuliwa. Mafundi bustani huita hivyo kila chenye miiba. Wala usizibe matundu kwa mnyaa kama una watoto. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

Miti ya asili haileti nyoka? (Kibaha)

Nyoka hufuata panya, na panya hufuata pumba za kuku, mbao na matofali uliyorundika nyuma ya nyumba. Ondoa hayo. Acha mita moja na nusu wazi kuzunguka kuta, punguza matawi yanayogusa paa. Kutandaza vitofali vya sakafu uwanja mzima hakutakusaidia: utapata joto, na maji ya mvua yatahamia kwa jirani.

Dughulushi (ua la chungu, African violet) niliyonunua inaoza katikati. (Arusha)

Unamwagilia juu ya majani. Weka maji kwenye kisahani, chungu kinywe kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Usimwagilie tena hadi udongo wa juu ukauke. Mpe mwanga wa dirishani, si jua kali. Ua hili ni la misitu ya milimani kama Usambara na Uluguru, na huko linapungua, kwa hiyo usinunue lililong'olewa porini. Kata jani zima lenye kikonyo cha sentimita 3, lichomeke kwenye mchanga wenye mboji, lifunike kwa mfuko mwangavu hadi lichipue.