Habu ya bei mbaya, spoku za bei chee

Juzi usiku kijana mmoja wa Iringa kaniandikia: "Kaka shikamoo. Nimepata vihela, nataka nisuke magurudumu yangu mwenyewe, nimechoka na haya ya kununua yameshafungwa. Nimeona habu moja ya spoku 28, nyepesi, halafu ina mlio mtamu. Ipo nyekundu na nyeusi. Unanishauri nichukue ipi?" Habu ni kile kitovu cha katikati ya gurudumu, spoku ni zile nyaya zinazokiunganisha na ringi.

Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kulikoni. Sikumcheka yeye. Nilijicheka mimi, maana miaka mitatu iliyopita ningeuliza swali hilo hilo, na mtu angenijibu nyekundu ningefurahi. Nilinunua nyekundu.

Ujumbe wake umenikuta nimetoka Dodoma kwa baiskeli. Arusha mpaka Dodoma kwa njia ya Babati na Kondoa, kilomita mia nne na ushee, mzigo kilo 18 nyuma, mimi mwenyewe kilo 84, na gurudumu nililolisuka kwa mikono yangu halikuguswa na spana hata mara moja. Nimerudi, nimelipandisha kwenye stendi, nimelizungusha. Limenyooka vilevile. Naomba mniache nijisifu kidogo, kwa sababu nikishawaeleza safari ya kwanza ilikuwaje hamtaniona na la kujisifia.

Baiskeli yangu ni mtumba wa Ujerumani, fremu ya chuma, ringi za 700C. Kabla ya yote nitoe angalizo, maana hapa wengi wameliwa hela: inchi 28 ya Phoenix na inchi 28 ya mtumba wa Ulaya si kitu kimoja. Ringi ya Phoenix ya mzee wako ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, ya mtumba ni 622. Tairi la hii haliingii kule. Muuzaji atakwambia zote ni 28, naye hakudanganyi, kibandiko ndicho kinachosema hivyo.

Basi, nilipokea hela ya mchezo. Hela yenyewe ilikuwa na kazi yake nyumbani, hilo tuliache. Nikanunua ile habu ya nyuma. Nyekundu, inang'aa, beringi za kufunikwa, na ukiacha kupiga pedali inalia tiii kama nzi wamefungiwa kwenye kopo. Matundu 28. Ilikula karibu hela yote. Iliyobaki nikanunulia ringi ya mtumba ya matundu 28, na mwishoni kabisa, kwa chenji, nikakumbuka spoku.

Somea hapo tena: kwa chenji, nikakumbuka spoku.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Urefu wa spoku ni hesabu ya sekondari, pembetatu na kosaini tu. Unahitaji kipenyo cha ringi pale kichwa cha nati (kile kidude kinachofunga spoku kwenye ringi) kinapokaa, kipenyo cha duara la matundu kwenye habu, umbali wa kila sahani ya habu (pale penye matundu ya spoku) kutoka katikati, idadi ya spoku, na kila spoku inapishana na ngapi. Nilipiga hesabu vizuri, nikapata milimita 296 upande wa kushoto na 294 upande wa kulia. Kulia ni fupi kwa sababu pale ndipo kaseti, yaani lile rundo la meno ya gia, inapokaa, hivyo sahani ya habu imesogezwa ndani kuipisha. Nikaenda dukani na karatasi yangu. Jamaa akaangalia, akasema, "Mwalimu, milimita mbili? Zote ni zile zile, chukua 296 zote, uko na pakiti moja." Nami, mwalimu wa hesabu, nikakubali. Ukiniuliza kwa nini, sina jibu zaidi ya kwamba nilikuwa na haraka ya kusikia ule mlio.

Spoku zenyewe zilikuwa namba 14, milimita 2 mwanzo mwisho, hazina jina. Nikazisuka usiku kucha kwa kupishanisha tatu. Upande wa kulia nikakaza mpaka nati zikagoma. Nikajisemea, hapo sasa zimekaza. Hazikuwa zimekaza. Spoku ilikuwa ndefu, nati ikafika mwisho wa nyuzi zake ikasimama. Kugoma kwa nati nikakuchukua ndiyo kukaza kwa spoku. Hilo ndilo kosa lililonigharimu, na nimeshalikuta kwenye magurudumu ya watu wengine wanne wanaojiita mafundi.

Nikapiga picha, nikatuma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Moto, moto, moto. Mmoja, ambaye kwenye kikundi ndiye bingwa wa kila kitu, akaandika, "Hapo umemaliza, mwalimu."

Nilifika Babati salama. Nikalala, asubuhi nikaendelea. Nimepita Bonga, naanza milima ya kuelekea Bereko, nikasikia ting! Sauti ndogo sana. Gurudumu likaanza kucheza kama mlevi. Spoku ya kulia imekatika shingoni, pale inapojipinda kuingia kwenye habu. Nikalegeza breki isiguse ringi, nikaendelea. Kilomita tano mbele, ting! Ya pili. Kabla ya Bereko, ya tatu, na hapo ringi ikawa inagusa fremu.

Spoku za akiba nilikuwa nazo, sita, nimezifunga kwa selotepu kwenye fremu kama wanavyofanya wazungu kwenye video. Lakini spoku ya kulia haiingii mpaka utoe kaseti, na kaseti haitoki bila kifaa chake na mjeledi wa mnyororo, ule mpini wenye kipande cha mnyororo wa kuizuia isizunguke. Vyote nimeviacha Arusha kupunguza uzito.

Nikakokota baiskeli mpaka kwa fundi wa kando ya barabara. Mzee wa makamo, kiti cha kigogo, kopo la gololi ndani ya mafuta ya taa. Nikamwamkia. Akaigeuza baiskeli juu chini, akaanza kuhesabu spoku kwa kidole, polepole, kama anahesabu mbuzi. Ishirini na tano zimebaki. Pembeni yake ilikuwepo baiskeli ya mteja, ile nyeusi ya breki za vyuma, na magunia mawili ya mahindi kwenye karia. Akanionyesha gurudumu la nyuma. "Hili lina arobaini. La mbele thelathini na mbili. Hili lako ni la kubebea nini?"

Vijana waliokuwa pale wakasemezana Kirangi, wakacheka. Sijui Kirangi. Nilielewa kila neno.

Nilirudi Arusha na baiskeli juu ya Coaster. Picha yangu nikiwa nimekaa juu ya jiwe na gurudumu lililopinda ilishafika kwenye kikundi kabla yangu, sijui nani aliipiga. Bingwa akaandika, "Nilijua tu, spoku 28 kwa uzito ule haiwezekani." Wewe si ndiye uliyesema nimemaliza? Nilitoka kwenye kikundi siku ile. Nimesharudishwa mara mbili na kutoka mara mbili.

Sasa tuje kwenye alichokuwa anakijua yule mzee. Baiskeli za mizigo za Kiingereza, na za Kichina na Kihindi zilizozifuata, zilitoka kiwandani na spoku 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu mzigo unakaa nyuma. Spoku haikatiki kwa kuzidiwa mara moja. Inakatika kwa kuchoka. Kila gurudumu linapozunguka, spoku iliyofika chini, karibu na lami, inalegea kidogo, ikipanda inakaza tena. Gurudumu langu linazunguka takriban mara 460 kwa kilomita moja. Kutoka Arusha mpaka pale Bonga, kila spoku ilikuwa imelegea na kukaza zaidi ya mara elfu themanini. Ukichukua waya ukaukunja na kuukunjua, unakatika wapi? Pale penye kona. Kwa spoku kona hiyo ni shingo. Na iliyofungwa kwa kulegea inachoka haraka kuliko iliyokaza, kwa sababu kila mzunguko inalegea kabisa na kushtuliwa upya. Za kulia zangu zilikuwa hivyo zote.

Spoku zikiwa nyingi, kila moja inabeba sehemu ndogo ya huo mchezo. Ndiyo siri yote.

Nilipotulia nilianza upya, safari hii nikaanzia upande wa pili. Kwanza spoku. Nilimwagizia ndugu yangu anayeishi nje aniletee DT Swiss Competition, zile za milimita 2.0 mwanzo, katikati 1.8, mwisho 2.0. Sapim Race ni vipimo hivyo hivyo, ukipata hizo chukua. Watu huona spoku nyembamba katikati wakadhani ni dhaifu. Ni kinyume. Ule wembamba wa katikati ndio unaovutika kidogo kama mpira, shingo ikapumzika. Nene mwanzo mwisho inapeleka mshtuko wote shingoni. Zipo nyembamba zaidi, za 1.5 katikati, ni nzuri kwa gurudumu la mbele la mtu mwepesi, ila unapokaza zinajisokota na kwa mara yako ya kwanza zitakutoa machozi. Nati nilichukua za shaba. Za alumini zina rangi nzuri, lakini mpe vumbi, jasho na chumvi ya pwani, mwaka mmoja tu zimeganda.

Halafu ndipo habu. Kwenye rundo la mitumba nilikuta gurudumu la nyuma la baiskeli ya trekking, ya safari ndefu, ringi imepasuka lakini habu ni Shimano Deore ya matundu 36. Nikaifungua palepale mbele ya muuzaji. Hii ni ya gololi na koni (kile kipande kinachobana gololi ndani ya kikombe cha habu), si beringi za kufunikwa. Nyuma zinakaa gololi tisa kila upande, za robo inchi, na gololi za robo inchi ziko Babati, ziko Kondoa, ziko kwenye kopo la yule mzee. Beringi za kufunikwa ni nzuri, sizikatai, lakini ile nyekundu ilikuwa na namba 6902, nikaitafuta Arusha nzima kwa siku tatu. Kwenye habu ya gololi angalia kikombe ndani: koni ikitoboka unanunua nyingine, kikombe kikitoboka habu imekufa. Chukua tochi. Ukiona tundu kama la sindano, rudisha.

Na kama habu ni ya zamani, ya kufungia friwili ya kuskurubu, gia sita au saba, iache kabisa kama unabeba mzigo. Beringi ya kulia iko mbali ndani, ekseli inabaki inaning'inia nje, na ndiyo maana ekseli za mitumba mingi zimepinda. Habu ya kaseti ina beringi karibu kabisa na fremu. Hata kama ni mbovu ya sura, ekseli itabaki imenyooka.

Wadau, niseme ukweli na mtu asinune. Vijana wetu tunanunua baiskeli kwa macho na masikio. Tunanunua mlio, tunanunua rangi, tunanunua picha ya kutuma. Habu yangu nyekundu haikuwahi kuharibika mpaka leo, ipo kabatini, inalia vizuri sana. Kilichonilaza njiani ni spoku za chenji. Hela yako ianzie kwenye spoku, hesabu ya matundu ifuate, habu iwe ya mwisho. Nasema tena, habu ya mwisho. Mtu akikwambia 36 ni nzito, mwambie spoku moja ina kama gramu sita. Nane za ziada na nati zake ni uzito wa yai. Wewe umekula mayai mangapi asubuhi?

Zikija spoku, usimruhusu mtu yeyote akwambie milimita mbili si kitu. Za kwangu ni 288 kulia, 290 kushoto. Ukishakaza, shika spoku mbili mbili zinazokwenda sambamba, zibinye kwa viganja kwa nguvu, zunguka gurudumu lote, halafu nyoosha upya. Zitalia kidogo, ni sawa. Ukizigonga kwa kucha, za kulia zitoe sauti moja, kali, na za kushoto sauti moja, nzito kidogo. Mwanafunzi wangu anayepiga gitaa kanisani ndiye aliyenisaidia kusikiliza.

Safari hii nilipita Bereko nikasimama kwa yule mzee. Hakunikumbuka. Nikamwonyesha gurudumu, akaanza kuhesabu kwa kidole, akafika 36, akaguna, akarudi kwenye pancha aliyokuwa anaziba. Niliendesha mpaka Kolo natabasamu kama mjinga.

Yule kijana wa Iringa nilimwandikia yote haya kwa ufupi jana, nikamwambia aache habu zote mbili, nyekundu na nyeusi, atafute ya 36. Amenijibu leo asubuhi. Anashukuru sana, ameelewa, ila ringi ameshanunua. Matundu 28. Nikamuuliza ana kilo ngapi.

Tisini na mbili.