Maswali ya Wasomaji: Nakuru hadi Kisumu na watoto

Swali: Tuko watu sita: mimi, mke wangu, watoto wa miaka 5, 9 na 13, pamoja na mama yangu aliyepita miaka 70. Gari ni Probox. Tuna siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Nimepanga Hyrax Hill, kasri la Lord Egerton, Kisumu mjini, Kit Mikayi, kisha turudi kupitia Kitale na Kapenguria. Naomba mnipangie saa.
*Baba wa Watatu, Lanet*

Jibu: Baba wa Watatu, tuanze na hesabu ya viti. Probox ina mikanda mitano na nyinyi mko sita. Kumpakata wa miaka mitano ni kosa barabarani, na gari likigonga hakuna mikono itakayomzuia. Ama ukodi gari la viti saba, ama wewe uendeshe na watatu, na mama watoto apande matatu ya Kisumu pamoja na yule wa miaka 13. Nyanya abaki kwenye gari lenu, kwa sababu ndiye atakayehitaji kusimama mara kwa mara.

Sasa ratiba. Kitale na Kapenguria ziondoe. Ukiziweka, Jumapili nzima itaishia kwenye kiti cha gari na watoto watakachokumbuka ni kutapika. Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya kale, nayo iondoe, ila kwa sababu nyingine: ukiwa Lanet, iko mlangoni kwako. Nendeni Jumapili moja kabla ya safari. Kasri la Egerton, mlowezi wa Kiingereza, kule Ngata upande wa Njoro, nalo ni la nusu siku ya wikendi nyingine. Lilianza kujengwa 1938, vita vikasimamisha kazi, likakamilika 1954, na mwenyewe akafariki 1958. Watoto watataka kusikia kisa cha mwanamke aliyemkataa bwana huyo; waelekezaji wanakisimulia vizuri, kila mmoja kwa namna yake.

Kinachobaki ni Kisumu, na Kisumu peke yake inatosha siku tatu. Ijumaa ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni kilomita 185 hivi, lakini msihesabu saa mbili na nusu. Hesabuni nne au tano, pamoja na matuta, malori na kituo cha chai. Mtapanda kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha mkate kushoto kuelekea Londiani na Kericho. Asubuhi ukungu hulala pale juu: washa taa za kawaida, usiwashe taa kubwa, maana mwanga wake hugonga ukungu ukakurudia machoni. Kericho saa tatu, kunyweni chai, kila mtu aende msalani hata asiyetaka. Kisumu mtaingia kabla ya saa sita.

Kuleni, pumzikeni, kisha saa nane na nusu nendeni Makumbusho ya Kisumu. Yamefunguliwa tangu 1980, yana miti mingi, kwa hiyo jua la mchana halitawaumiza. Huko anzeni na Ber-gi-dala, boma la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mwulizeni mwelekezaji nyumba ya *mikayi* ni ipi. Mikayi ni mke wa kwanza, na nyumba yake hutazamana na lango. Mtoto akishalishika neno hilo, Jumamosi mkifika Kit Mikayi hatahitaji kuelezwa jina: jiwe la mke wa kwanza. Watu wengi huanza na jiwe, wakaliona rundo la mawe makubwa tu, wakapiga picha wakaondoka.

Jumamosi ondokeni saa moja asubuhi. Ni kilomita 29 hivi kwa barabara ya Bondo. Mawe yana urefu wa mita 40 hivi na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni, kwa hiyo kila mtu avae raba zenye meno. Malapa yabaki hotelini. Nyanya akae chini kivulini. Pia ni mahali pa ibada, mtakuta watu wanaomba ndani ya mapango. Watoto wanyamaze na kamera zipumzike. Saa tano muwe mmerudi mjini.

Jumapili asubuhi tembeeni mji wa zamani (soma jibu la chini), na saa tano kamili gari liwe limeelekea Ahero. Msichelewe. Mchana mvua hupenda kuanguka kuanzia Kericho hadi Mau Summit, na kuteremka Sachangwan gizani katikati ya malori si jambo la kujaribu na watoto.

Petroli: kwenda, kurudi, Kit Mikayi na mizunguko ya mjini ni kilomita 460 hivi. Gari linalokula lita moja kwa kilomita 14 litataka lita 33. Panga 40, kwa sababu mlima hula zaidi.

Swali: Niliwapeleka wanangu Hyrax Hill, wakasema "ni mawe tu" na baada ya dakika ishirini tukaondoka. Kuna kitu tulikosa?
*Mama wa Milimani, Nakuru*

Jibu: Mlikosa karibu kila kitu, Mama, na si kosa lenu. Pale hakuna ukuta wala jengo la kale la kukushtua. Ni lazima mtu akuonyeshe. Ukiingia bila mwelekezaji utapita juu ya boma la miaka mingi ukidhani ni bonde la kuchungia mbuzi.

Mabonde hayo madogo ya duara yanaitwa mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale. Yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Samadi na tope vilizolewa kila siku na kumwagwa upande wa mteremko, na ndiyo maana ukingo wa chini umeinuka kama tuta. Mwambie mtoto asimame katikati ya shimo atafute tuta liko upande gani. Akilipata ameshaelewa ng'ombe walilala wapi na samadi ilikwenda wapi. Baada ya mvua ndefu nyasi hufunika kila kitu, hivyo nendeni wakati wa kiangazi.

Kisha bao. Kuna mbao za bao zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe. Saa sita mchana jua likiwa utosini, vishimo havionekani vizuri. Nendeni saa kumi jioni: jua likiwa chini, kila kishimo kinajaa kivuli upande mmoja, na safu zinajitokeza zenyewe. Watoto wahesabu vishimo kwa vidole, kisha wacheze kwa kokoto nyumbani. Msimwage maji wala kukwangua kwa chaki ili zionekane. Mwamba huo unalindwa kisheria.

Ndani ya makumbusho, ambayo ni nyumba ya zamani ya shamba la walowezi, kuna vyungu na vifaa vya mawe. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale 1937 na 1938, na mwaka 1943 mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Jina lenyewe ni la pimbi, wale wanyama wadogo kama sungura wanaoota jua juu ya mawe. Waambie wanao kwamba mmoja wa jamaa wa karibu zaidi wa pimbi walio hai ni ndovu. Hawatataka kuondoka dakika ya ishirini.

Swali: Tulipokuwa tunateremka kutoka Kericho kwenda Ahero, breki zilinuka kama plastiki inayoungua, kanyagio likawa laini na kuzama. Tukasimama Awasi, baada ya nusu saa likawa sawa. Fundi kakagua, asema pedi ni nzima. Niamini?
*Dereva wa Familia, Kericho*

Jibu: Fundi hakudanganya, ila aliangalia gari lililopoa. Ulichokiona kilitokea likiwa moto.

Kericho iko juu, Kisumu iko takriban mita 1,130. Tofauti hiyo yote gari hulazimika kuizuia lisikimbie, na ukiipa breki kazi hiyo peke yake, nguvu yote hugeuka joto kwenye diski. Joto linafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata ukifunga kifuniko vizuri. Ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwa nyuzi 140. Yakichemka yanatoa viputo. Mafuta hayabonyei, kiputo kinabonyea, na hapo mguu wako unazama bila gari kupunguza mwendo. Yakipoa, viputo hupotea, kanyagio linarudi juu, na fundi haoni kitu.

Kwa hiyo: badilisha mafuta ya breki yote, si kuongeza juu. Lita moja inatosha gari dogo. Yatolewe hewa gurudumu moja moja kwa mpangilio wa kitabu cha gari, na urudie kila miaka miwili. Uliza umri wa yaliyomo sasa. Kama hakuna anayejua, ni mazee.

Kwenye mteremko wenyewe, punguza gia kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Kama gari ni la gia za kujiendesha, tumia L, 2, S au B, kulingana na lililoandikwa kwenye lako. Kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha mwendo upungue, kisha uachie kabisa zipate hewa. Kuweka mguu juu yake kidogo kidogo mlima mzima ndiko kunakozipika. Na usiweke gari frii eti unaokoa petroli. Madereva wa malori wanaofanya hivyo ndio wamewapa Salgaa na Sachangwan sifa mbaya.

Likitokea tena: pampu kanyagio haraka mara kadhaa, shuka gia, vuta breki ya mkono polepole, toka barabarani. Usimwagie diski maji. Chuma cha moto kikipigwa na maji baridi hupinda au kupasuka.

Swali: Kisumu mjini kuna nini cha zamani cha kuona kwa miguu?
*Mwalimu, Ahero*

Jibu: Mji ulianzia ziwani, kwa hiyo anzeni upande wa stesheni na bandari mkipanda. Reli ilifika ufuoni Desemba 1901, na mwisho wake ukaitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Kutoka hapo fuateni mtaa wa Oginga Odinga. Siri ya mtaa huu ni kuinua macho: chini ni mabango ya simu na viatu, juu ya mabati ni kuta za maduka ya zamani ya Wahindi, nyingine zikiwa na mwaka ulioandikwa kwenye paji la nyumba. Wape watoto kazi ya kutafuta mwaka wa zamani zaidi. Mnara wa saa ulijengwa 1938 na wana wa mfanyabiashara Kassim Lakha kumkumbuka baba yao, someni kibao. Malizieni Msikiti wa Jamia, wa 1919. Kuingia omba ruhusa kwanza, jistirini, vueni viatu, na msiende wakati wa swala.

Jumapili asubuhi ndiyo bora. Maduka yamefungwa, tuktuk ni chache, na mtu anaweza kurudi nyuma hatua tano atazame jengo bila kugongwa. Bandari na vituo vya polisi msipige picha.

Swali: Kiingilio cha makumbusho ni pesa taslimu?
*Msomaji, Molo*

Jibu: Hapana. Hulipwa kwa eCitizen, nambari ya malipo 222222, kwa M-Pesa. Beba kitambulisho upate bei ya raia, na simu yenye chaji na bando. Milango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni.

Swali: Na Kitale basi, haifai?
*Baba Kakamega*

Jibu: Kwako inafaa kuliko kwa Baba wa Watatu, kwa kuwa uko karibu nayo zaidi. Makumbusho yake yalianzishwa na mlowezi Stoneham 1926 kama mkusanyiko wake wa wadudu, wanyama na vitabu, na jengo la sasa likafunguliwa 1974. Nyuma kuna njia ya kutembea msituni. Lala Kitale, asubuhi panda Kapenguria. Huko ndiko walikofungwa wapigania uhuru Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba, Ngei na Oneko, na vyumba vyao viko wazi. Mtoto chini ya miaka kumi atachoka. Wa kumi na mitatu aingie chumbani peke yake kwanza, ninyi mkisubiri nje.

Swali: Watoto wanaweza kuchezea maji Dunga, ufuo wa ziwa kule Kisumu?
*Mama wa Wawili, Nakuru*

Jibu: Hapana, hata vifundo vya miguu. Maji ya kina kifupi yenye majani yana konokono wa kichocho, na viboko huwa karibu. Kaeni juu, agizeni samaki mkifika tu, kwa sababu ngege (tilapia) wa kukaanga huchukua nusu saa na zaidi. Wa miaka mitano mpeni mbuta (sangara): mifupa yake ni mikubwa na inaonekana, ya ngege ni sindano. Usiku walale ndani ya neti, na mtoto akishikwa na homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, mwambieni daktari mlikuwa Kisumu, apimwe malaria siku hiyohiyo.