Maswali na majibu: Hommage, kuenzi au kuiba?

*Hapa Bukavu naona mabango ya tamasha yameandikwa "Hommage à Papa Wemba". Maana yake hasa nini?*

Ni kumuenzi. Anayepanda jukwaani ataimba nyimbo za mzee huyo, aliyeanguka akiimba mjini Abidjan Aprili 2016, au atatoa zake alizomtungia.

*Neno lenyewe asili yake wapi?*

Kwenye magoti. Ndani yake mna *homme*, mwanamume kwa Kifaransa, linalotokana na *homo* la Kilatini, yaani mtu. Enzi za ukabaila huko Ulaya, aliyepewa ardhi alimwendea bwana wake kichwa wazi, bila silaha, akapiga magoti, akaunganisha viganja na kuviweka kati ya viganja vya bwana, kisha akatamka kwamba sasa ni mtu wake. Hata wafalme yaliwakuta. Mwaka 1329 Edward III wa Uingereza alifunga safari hadi Amiens kumtolea mfalme Philippe VI wa Ufaransa heshima hiyo, kwa sababu ya ardhi aliyokuwa nayo huko. Mwaka 1337 wakaingia vitani, kwa hiyo kiapo hakikufua dafu.

Wasanii walilichukua baadaye. Mwaka 1864 Henri Fantin-Latour aliwachora wachoraji na waandishi wenzake wakiwa wameizunguka picha ya sura ya mchoraji Eugène Delacroix, aliyefariki mwaka uliotangulia, na mchoro akauita *Hommage à Delacroix*.

*Mtu akinakili kazi ya mwenzake kisha akasema ni hommage, tumwamini?*

Tazama kama anataka umtambue mwenye kazi. Katika filamu ya *The Untouchables* (1987), Brian De Palma anaporomosha kigari cha mtoto kwenye ngazi za stesheni ya Chicago huku risasi zikirindima. Mpenzi yeyote wa sinema anazikumbuka ngazi za Odessa katika filamu ya mwongozaji Eisenstein ya 1925, ambako kigari cha mtoto kinaporomoka vilevile, na ndivyo De Palma alivyotaka.

Washairi wetu wana takhmisa: unachukua beti za mwingine, unatanguliza mishororo yako mitatu, miwili ya mwisho inabaki ya mwenyewe. Sayyid Abdallah bin Nasir alilifanyia hivyo shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani. Huwezi kuita wizi, jina la Liyongo limo hadi kwenye anwani.

*Hutamkwaje?*

H iache. Sema "omaj", j yake laini ya Kifaransa. Waingereza wana *homage* lao la zamani lenye m moja, lakini wakizungumzia sinema wengi hulitamka Kifaransa.