Maswali Yenu: Wazungumzaji Watano, Dakika 90

SWALI: Shikamoo dada. Mimi msomaji wako wa Moshi, nipo kwenye ushirika wa kahawa. Mwezi wa 11 mwanzoni kuna kongamano hapo Arusha na nimepewa niandae kikao cha mjadala cha dakika 90 kuhusu kahawa na mabadiliko ya tabianchi. Wazungumzaji ni watano, profesa, ofisa wa serikali, mnunuzi wa kahawa yuko Ujerumani ataongea kwa mtandao, kijana wa Nairobi mwenye kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa, na mama mmoja mkulima wa Marangu. Profesa anataka dakika 30, ofisa imeili hajajibu wiki ya 3 sasa, na mama anasema Kiingereza hajui kwa hiyo atakuja kukaa tu. Sijui hata nianzie wapi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anzia kwenye dakika, kabla hujampigia mtu yeyote simu. Kwenye ratiba umeandikiwa 90 lakini 10 zitakwenda watu wanaingia na wa kikao kilichopita wanatoka, kwa hiyo hesabu 80. Mwongoza mjadala mpe 5 za kufungua. Wazungumzaji dakika 7 kila mmoja, hizo ni 35. Zinabaki 40 na hizo ni za ukumbi, za maswali na majibizano, na hapo ndo kazi yako wewe ilipo, kuzilinda hizo 40 zisiliwe. Kila mtu atataka kuzila, si kwa ubaya, mtu akishika maiki hana saa kichwani.

Profesa usimwambie "profesa punguza", ataona unamvunjia heshima. Waandikie wote watano barua moja inayofanana, yenye majina yote na dakika 7 mbele ya kila jina, aone na ofisa kapewa 7 na mama kapewa 7. Alafu usimpe kichwa cha habari, mpe swali. Ukimwambia "zungumzia tabianchi na kahawa" atakuja na slaidi 40, ila ukimuuliza "mkulima wa ukanda wa chini akiona joto linapanda, aendelee na kahawa au abadilishe zao?" hapo amebanwa, lazima ajibu. Fanya hivyo kwa kila mmoja, maswali matano tofauti, la sivyo watakuja wote watano kutueleza kwamba mvua siku hizi hazitabiriki na ukumbi mzima unalijua hilo.

Ofisa wa serikali humpati kwa imeili. Andika barua rasmi, iende kwa mkuu wa taasisi yake na siyo kwake, ipigwe mhuri, upeleke masijala mwenyewe wakugongee nakala yako, kisha namba ya simu ya katibu muhtasi ndo ufuatilie nayo. Yeye mwenyewe hata akitaka sana hawezi kuja bila ruhusa kutoka juu. Na uombe jina la mwakilishi mapema maana mara nyingi ndiye atakayekuja, na yeye umpe lile swali, asije akasoma hotuba aliyokabidhiwa mlangoni.

Tena hapohapo, salamu. Kwetu mtu hawezi kuanza kuongea bila kumtaja mgeni rasmi na waheshimiwa wote waliopo, watu watano wakifanya hivyo dakika 10 zimekwenda. Kubalianeni kabla kwamba mwongoza mjadala atasalimu kwa niaba ya wote, atasema itifaki imezingatiwa, na wengine wataingia moja kwa moja kwenye hoja. Ukiwaambia mapema wanafurahi, ni kwamba kila mmoja anaogopa kuwa yeye ndo aliyekosa adabu.

Wa Ujerumani sasa. Umwandikie muda wa Tanzania na muda wa kwake, vyote viwili, kwa namba za saa 24, usimwandikie saa 8 maana saa 8 yetu ya mchana yeye ataisoma asubuhi. Na angalia tarehe, Ujerumani wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo ukimwalika Septemba tofauti yetu na wao ni saa 1 lakini siku ya kikao chako itakuwa saa 2. Watu wanakosana hapo kabisa. Fundi mitambo muombe siku moja kabla, mjaribu sauti pande zote mbili, kwa sababu kinachotokea ukumbi mzima unamsikia yeye vizuri ila yeye hasikii ukumbi, anaulizwa swali anatabasamu tu. Laptopu ya ukumbini ya kumuunganisha kwa Zoom iwe na waya wake wa intaneti, usitegemee waifai wanayotumia wajumbe wote. Na akutumie video ya zile dakika 7 akiba, umeme na mvua za vuli huwezi kuzipangia.

Kijana wa Nairobi aje siku moja kabla kwa kupitia Namanga, asisahau kadi ya homa ya manjano, basi, huyo hana shida.

Nimemwacha mama mwisho kwa makusudi ila kwenye kikao awe wa kwanza. Miaka ya nyuma niliandaa kikao kama chako, mkulima nikamweka wa mwisho kwenye orodha, nikijiambia watafiti waweke msingi kwanza. Mama yule alipanda gari alfajiri, alikuja na tawi la mbuni amelifunga kwenye gazeti, lina matunda meusi yamekaukia pale pale kwa chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa. Alilipakata mapajani kikao chote. Walipomfikia zilibaki dakika 3, chakula kimeshaitwa, watu wanasimama wanavuta viti, alilifungua lile gazeti akalinyanyua tawi na waliokuwa wanatazama walikuwa safu ya mbele tu. Nilimwomba radhi akanijibu "hamna shida mwanangu". Lile tawi alikuwa amelikata ili watu wauone ugonjwa kwa macho yao na sikumpa nafasi. Toka siku hiyo mtu wa shambani kwangu anafungua, na wataalamu wanaokuja baada yake wanalazimika kumjibu yeye.

Kiswahili aongee, tena Kiswahili chake cha kila siku. Arusha hatuna njaa ya wakalimani, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa mpaka 2015 ikiendesha kesi kwa Kiingereza na Kifaransa, na Kinyarwanda kikikalimaniwa, na mji huu ukazoea vibanda vya ukalimani. Ila wajue hawa wanafanya kazi wawili wawili kwa kupokezana kila nusu saa hivi, ukipewa mmoja kwa dakika 90 kataa, na wapelekee mapema slaidi na maneno magumu, chulebuni, kutu ya majani, mibuni, wasije wakakwama hewani. Mama usimwandikie hotuba. Nenda Marangu umkute kwake, muulize lile swali mkiwa mmekaa, msikilize, umwambie "hivyo hivyo mama, ndivyo utakavyosema". Nauli na malazi umpe mkononi kabla hajatoka nyumbani, mambo ya "leta risiti tutarudisha" ni ya watu wenye mshahara.

Siku yenyewe slaidi zote ziwe kwenye laptopu moja toka jana yake. Tafuta kijana akae safu ya mbele na karatasi kubwa zimeandikwa 2 na 0, yaani dakika zilizobaki, azinyanyue bila kuona aibu. Maswali yachukuliwe matatu matatu, na anayetembeza maiki asiiachie, aishike yeye mwenyewe muulizaji aongelee hapo, ukimwachia mtu maiki umepata mzungumzaji wa sita.

SWALI: Mimi niko Njiro, kesho nina kikao na mzungumzaji mmoja kaghairi usiku huu. Nitafute wa kuziba?

JIBU: Usitafute. Mtu wa kuokotwa usiku atakuja kuongea chochote. Toa kiti chake mezani na kibao cha jina usiku huu huu, kiti kitupu watu watakiangalia kikao kizima, zile dakika zake wape ukumbi. Alafu mpigie mwongoza mjadala sasa hivi kabla hajalala, asije akamkaribisha mtu ambaye hayupo.