Mpimeni presha akiwa amesimama pia

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji, mama yake anayumba mwaka wa pili sasa, wameambiwa serebelamu, ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mizani ya mwili, inasinyaa, ila kinachomtisha ni kwamba kila alfajiri mama akiamka kwenda chooni anaanguka. Nimeisoma mara tatu. Ni baba yangu kabisa huyo.

Baba alivyoanza kuyumba mtaani wakasema mzee kaingia kwenye pombe, mtu ambaye hajawahi kuonja, inaniuma mpaka leo. Kisha mkojo ukawa unamsumbua, choo anakaa siku nne hajapata, jasho halimtoki na joto la Dar mnalijua, na hakuna aliyeyaunganisha. Hospitali moja wakampima presha amekaa, iko juu, wakampa dawa za kushusha, ndo akazidi kuanguka! Siku hiyo tumemaliza kula ubwabwa, kasimama akanawe, nikaona anashika shingo, midomo imepauka, akaserereka ukutani taratibu mpaka chini, sahani bado mkononi.

Daktari wa neva alipokuja kumpima, alimlaza dakika 5 kwanza, presha ile namba ya juu 158, akamsimamisha, dakika ya 3 ikawa 94. Yani ile ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, ndani ya dakika 3, hilo tayari ni tatizo. Akatueleza ni MSA (multiple system atrophy, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mifumo kadhaa ya mwili kwa pamoja) ya aina ya C, inakula serebelamu pamoja na neva zinazojiendesha zenyewe, zile za kubana mishipa ya damu ukisimama, za kibofu, za jasho. Sio kila serebelamu inayosinyaa ni MSA, ila jamani ulizeni!

Sisi kilichotusaidia ni nusu lita ya maji kabla hajatoka kitandani (kama mgonjwa anapaliwa muulizeni daktari kwanza), akae ukingoni mwa kitanda kidogo ndo asimame, ale kidogo kidogo, na matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, maana akilala flati presha inapanda. Dawa msibadilishe wenyewe. Na nyie watoto acheni kumwachia dada wa kazi, mzazi ni wako, amka wewe hiyo saa kumi na moja umshike mkono.

Dada yangu, kesho mpime mama amelala, kisha amesimama wewe umemshika, uandike namba zote mbili na saa. Na akianza kuvuta pumzi kwa sauti kali kama filimbi usingizini, hiyo usingoje kliniki, mpeleke siku hiyohiyo.