Nyumba ya mnada huku Marekani: kabla hujainua mkono

Maswali ya nyumba zinazonadiwa kwa deni la benki yamekuwa mengi mpaka nikaona niyajibu kwa pamoja. Neno lieni mtaliona sana hapa, ni deni lililosajiliwa juu ya nyumba, yaani linaifuata nyumba hata ikibadilisha mwenyewe.

Nimeona nyumba mnadani inaanzia dola 38,000, za jirani zinauzwa laki tatu. Ni zali au kuna kitu?

Kuna kitu. Chukua ile notisi ya mnada uisome mpaka chini, usiishie kwenye anwani na picha. Mara nyingi inataja mkopo gani unanadiwa, ulisajiliwa lini na namba yake ya usajili kwa rekoda wa kaunti, ile ofisi inayosajili hati za nyumba. Sasa nenda na hiyo namba kwenye rekodi za kaunti, nyingi siku hizi ziko mtandaoni, tafuta kwa jina la mwenye nyumba uone kila kitu kilichosajiliwa chini yake. Tuseme unakuta mkopo wa 2019 wa dola 240,000 ambao hakuna karatasi inayoonyesha umelipwa ukaisha, alafu ule wa kwenye notisi ni wa 2021. Hapo kinachonadiwa ni mkopo wa pili! Ule wa kwanza haufi, unabaki umekaa juu ya nyumba, wewe unashinda mnada unashangilia na benki ya kwanza isipolipwa inakuja kuinadi tena nyumba hiyohiyo ukiwa umeshaweka makochi. Ukinadiwa wa kwanza ndo mambo yanageuka, madeni ya nyuma yake, yaani yaliyosajiliwa baadaye, kwa kawaida yanafutika, ilimradi wenye nayo walipewa taarifa kisheria. Mimi mwenyewe niliwahi kukesha napiga hesabu ya faida kwenye nyumba moja, kumbe muda wote naangalia mkopo wa pili, nashukuru Mungu hela ilikuwa bado iko benki.

Jamaa wa kampuni ya mnada kasema taito (haki ya umiliki wa nyumba) iko safi. Inatosha?

Haitoshi ndugu yangu. Muombe akuandikie hivo na asaini uone kama atasaini. Masharti ya mnada karibu yote yanasema unachukua kama ilivyo, na hati utakayopewa mara nyingi haina dhamana yoyote kwamba taito ni nzuri. Lipa kampuni ya taito au wakili akusachie, yaani akuchunguzie rekodi zote za nyumba. Na msichanganye, kusachi kunakwambia kilichopo, bima ya taito ndo inayokulipa kikitokea kilichofichika, na kwenye minada ya pale mahakamani unalipa kesh au hundi ya benki bila kuwa na bima mkononi. Kwa hiyo waulize mapema: nikishinda hii nyumba mtaikatia bima, na mtaacha nini nje? Wakianza kusitasita umeshapata jibu lako.

Kodi ya nyumba na bili za maji nazo zinanihusu?

Kodi sana tu. Inakaa mbele ya mikopo yote, yaani inalipwa kwanza, hata kama mkopo ulitangulia kusajiliwa, kwa hiyo mnada wa benki hauifuti. Maji na faini za jiji (majani marefu, chumba kilichojengwa bila kibali) hutegemea mji, na nyingine hazionekani kabisa kwa rekoda, piga simu jiji. Kuna na ada za chama cha wenye nyumba, hizi watu wanazidharau. Florida mnunuzi anabeba malimbikizo pamoja na mwenye nyumba wa zamani. Nevada ndo balaa, ada za miezi 9 zinakaa mbele ya mkopo wa kwanza, na 2014 mahakama kuu ya jimbo ikaamua chama kikinadi kwa deni hilo mkopo wa benki unaweza kufutika. Dola elfu chache zikaangusha mkopo mzima wa nyumba, benki hazikuamini.

Nimekuta lieni ya IRS (mamlaka ya kodi ya serikali kuu), nikimbie?

Si lazima. Kwenye mnada unaofanyika bila kesi ya mahakama, IRS ikipewa notisi angalau siku 25 kabla, lieni iliyo nyuma ya mkopo unaonadiwa inatoka. Isipopewa inabaki, kwa hiyo omba uione hiyo notisi. Alafu hata ikitoka, serikali inabaki na angalau siku 120 za kuikomboa nyumba kwa kukurudishia ulicholipa na riba, ila hela ya marumaru mpya usiihesabie, kwa hiyo usibomoe jiko mapema. Na mwenye nyumba wa zamani naye majimbo mengine yanampa muda wa kukomboa, Michigan mara nyingi ni miezi 6.

Nilisachi mwezi jana, nirudie?

Rudia dada. Mwezi ni mrefu, fundi asiyelipwa anaweza kuwa ameshasajili lieni yake, na kuna majimbo inahesabiwa tangu siku aliyoanza kazi sio siku aliyosajili. Mwenye nyumba pia anaweza kufungua kesi ya kufilisika asubuhi ileile ya mnada na kila kitu kikasimama. Mimi nasachi mara ya mwisho jioni ya kuamkia mnada, kukikucha naangalia tena kama hakuna kipya, ndo naenda benki kuchukua hundi.