Tatlo na tatu: je, Kiambala kina undugu na Kibantu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma isimu, mwaka wa pili. Nimekutana na Kiambala, lugha ya Waaeta wa kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Kwao "tatu" ni tatlo, na wenyewe ni weusi wenye nywele za kipilipili. Mbona vitabu vinaiweka kwenye Kiaustronesia, ukoo wa lugha za visiwani kuanzia Madagaska hadi Hawaii, na si kwenye lugha zetu za Kibantu?

JIBU: Marahaba. Mtego huo umewanasa wengi kabla yako.

Usipambanishe neno na neno. Uliza kwanza kila moja ni la ukoo gani. "Tatu" yetu ina ndugu Kizulu (thathu) na Kikuyu (ithatu). Ndugu za tatlo wametapakaa baharini: telo Madagaska, tolu Samoa, kolu Hawaii. Mzizi wa kale ni telu. Huko Luzon mwanzo wake ulirudiwa, ukawa tatelu, kisha irabu ya katikati ikamezwa. Sasa ung'oe huo mwanzo uliorudiwa, ubaki na telu, uniambie unaionea wapi tatu.

Ushahidi mzito zaidi ni sauti zinazogeuka kwa utaratibu. Chukua "-pya": Kimalei baru, huko Luzon Kitagalog bago na Kikapampangan bayu, Kimalagasi vao. Ni sauti ile ile moja ya kale: hapa r, pale g, kwingine y, na Madagaska imetoweka kabisa. Kiambala kimo katika kundi la Kisambal, la milima ya Zambales na Bataan, na kundi hilo hufuata y. Kwa hiyo unajua ukoo, na hata nyumba.

Kuhusu sura: lugha hairithiwi na ngozi. Mababu wa Waaeta walikuwako Luzon makumi ya maelfu ya miaka kabla ya wakulima wenye asili ya Taiwan kufika, yapata miaka 4,000 iliyopita. Wakaishia kusema lugha ya wageni, na ya kwao ikapotea. Mwanaisimu Lawrence Reid amechambua maneno machache ambayo huenda ni masalia yake. Tena utafiti wa vinasaba wa 2021 uliwakuta Waaeta wenzao, Ayta Magbukon wa Bataan, wakiongoza duniani kwa urithi wa Wadenisova, binadamu wa kale wa Asia. Hiyo si njia ya kutokea Mombasa.

Ukitaka kuona Kibantu na Kiaustronesia vikikutana kweli, nenda Madagaska: ng'ombe ni omby, kuku ni akoho. Hayo waliyachukua kwetu.